Kumchezesha na Kumtembeza Mtoto Mdogo Dodoma na Kanda ya Kati: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudiwa zaidi na wazazi na walezi wa Dodoma, Singida na maeneo ya jirani wanapozungumzia watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne. Yameanzia uani yakaishia safari za mbali na hali za pekee. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, msomaji ataelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ananufaika nini na matembezi ambayo hatayakumbuka akikua?

Tukio lenyewe atalisahau, lakini alichojifunza humo kitabaki. Mtoto aliyemwona mbuzi kwa karibu, akamsikia akilia, akaguswa na pua yake yenye unyevu huku mama akilitaja jina "mbuzi" mara tatu nne, amelipata neno pamoja na harufu yake, sauti yake na joto lake. Picha ya kitabuni humkumbusha mnyama aliyekwisha kumjua, lakini ni vigumu kumjulisha mnyama asiyepata kumwona.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa hapa Dodoma mwezi Desemba 2021, inataja mahitaji matano ya mtoto: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Katika matembezi, neno lenye uzito zaidi ni "mwitikio". Mtoto akinyoosha kidole, mkubwa ataje jina la kinachoonyeshwa. Mtoto akitoa sauti, mkubwa aijibu kana kwamba ni sentensi kamili. Mzazi anayetembea huku macho yakiwa kwenye simu amempeleka mtoto kupunga upepo, jambo ambalo si baya, ila mazungumzo ameyaacha nyumbani.

2. Tutoke saa ngapi, na kwa muda gani?

Hapa Dodoma, swali la saa lina uzito kuliko swali la mahali. Mji huu uko kwenye nyanda kame, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi na upepo mkali, ilhali Oktoba na Novemba jua huanza kuchoma mapema. Muda mzuri ni kuondoka kati ya saa moja na saa mbili asubuhi na kuwa mmekwisha kurudi kivulini kabla ya saa nne, au kutoka jioni baada ya saa kumi.

Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 unasema kwamba mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku, zikiwa zimegawanyika katika nyakati mbalimbali. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili alale jumla ya saa 11 hadi 14, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Kwa hiyo matembezi yasiule usingizi wa mchana. Kwa maoni yangu, dakika arobaini hadi saa moja mahali pamoja zinatosha kabisa. Familia inayopanga vituo vitatu kwa asubuhi moja humaliza ikiwa na mtoto anayelia na wakubwa wanaolaumiana.

3. Kigari cha kumsukuma mtoto kinafaa?

Kwenye lami na kwenye njia za bustani za mjini, ndiyo. Kwingine mchanga na kokoto vitakushinda, na mbeleko ya kanga itakusaidia zaidi.

4. Je, ni lazima kuwa na fedha za viingilio?

Hapana. Sehemu kubwa ya yanayoelezwa hapa haina kiingilio, na mzazi mwenye fedha kidogo angeanza kwa kununua kofia yenye ukingo mpana na chupa ya maji ya mtoto.

## Nyumbani na uani

5. Nimpe vitu gani acheze bila kununua midoli ya dukani?

Vilivyomo jikoni vinatosha: sufuria ndogo, mwiko, kata, mifuniko ya saizi mbalimbali na ungo. Mtoto wa mwaka mmoja atavigonga ili asikie tofauti ya sauti, wa miaka miwili atahangaika kutafuta mfuniko unaoingia sufuria ipi, na wa miaka mitatu atapika ugali wa mchanga na kuwakaribisha wageni. Huyo wa pili anafanya hesabu, ingawa hakuna aliyemfundisha. Magunzi ya mahindi yanaweza kuwa wanasesere, ng'ombe au matofali, kutegemea siku.

Mchanga wa uani uchekechwe kwanza ili kuondoa vipande vya chupa, misumari na miiba ya migunga, na ufunikwe usiku ili paka wasiugeuze choo. Kitu chochote kinachoweza kupita ndani ya tundu la gombo la karatasi ya chooni kisiachwe mikononi mwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwa kuwa kinaweza kumkaba. Kipimo hiki kinahusu pia vifuniko vya soda, shanga, sarafu na hasa betri ndogo za mviringo.

6. Maji kwetu ni ya mgawo. Michezo ya maji si ufujaji?

Si ufujaji iwapo maji hayohayo yana kazi ya pili. Weka lita mbili tatu kwenye beseni, mpe mtoto kikombe, chupa iliyotobolewa na kitambaa, na akimaliza mkamwagilie pamoja mchicha au mpapai. Watoto wengi huufurahia umwagiliaji kuliko mchezo wenyewe. Beseni lisiachwe na maji hata kwa muda wa kwenda kufungua geti: mtoto mdogo anaweza kuzama katika kina cha sentimita chache, na huzama kimya. Ndoo na mapipa ya akiba, ambayo karibu kila nyumba ya Dodoma inayo, yawe na mifuniko inayobana.

7. Upepo ukivuma, kuna mchezo wowote au tujifungie ndani?

Upepo wa katikati ya mwaka ni mwalimu wa bure. Mfungie mtoto kipande cha kanga kwenye kijiti akione kikipepea, kisha kikilala upepo unapotulia. Mwachie jani kavu alifukuze. Muulize upepo umetoka upande gani. Tiara iliyotengenezwa kwa gazeti na njiti za ufagio inaweza kurushwa na kaka au mjomba, naye mtoto akashika uzi kwa sekunde chache, mbali na nyaya za umeme na barabara. Vumbi likizidi hadi mtoto anapikicha macho, ingieni ndani na mmuoshe uso (tazama swali la 18).

8. Ngoma na muziki wa asili unamfaa mtoto mdogo?

Unamfaa sana, na kanda hii ina utajiri. Wagogo wana marimba ya vyuma inayochezwa kwa vidole gumba, wana zeze, wana njuga za miguuni, na wana ngoma ya muheme inayopigwa na akina mama wakiwa wameibana katikati ya mapaja. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka muziki huu kwenye majukwaa ya nchi nyingi, lakini mtoto hahitaji jukwaa. Mpe kopo lenye kokoto ndani, lililofungwa imara, kisha piga mapigo mawili na umsubiri ajibu. Kupokezana huku ndiko mwanzo wa mazungumzo.

Katika sherehe za kijijini au tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino, keti mbali na spika. Ngoma isiyo na vipaza sauti huvumilika, ila spika kubwa iliyo karibu inaweza kuliumiza sikio la mtoto, na kilio chake kisichukuliwe kuwa ni utundu.

9. Bibi huzungumza Kigogo, sisi Kiswahili. Mtoto hatachanganyikiwa?

Hatachanganyikiwa. Watoto wanaokua na lugha mbili huchanganya maneno kwa muda, kisha huzitenganisha wenyewe kadiri wanavyojua nani huzungumza lugha ipi. Bibi aendelee na Kigogo chake, awe anatega vitendawili vyepesi, anaimba na kutaja majina ya ndege na miti ambayo pengine baba hayajui kwa lugha yoyote. Hali ni hiyohiyo kwa Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba. Familia zenye jamaa wa Chemba na Kondoa wanaozungumza Kisandawe zina bahati ya ziada, maana lugha hiyo ina sauti za kidoko, na sijamwona mtoto wa miaka miwili asiyetaka kuziiga.

10. Kazi gani za jikoni anaweza kushiriki?

Kuchambua mlenda na mchicha, kuosha nyanya, kupanga vijiko, kuhamisha maharage kutoka bakuli moja hadi jingine mbele ya macho yako. Karanga nzima na ubuyu wenye mbegu asipewe bado. Moto na mafiga viwekewe mpaka, na ni vizuri mpaka huo uchorwe kwa chaki sakafuni ili auone.

## Matembezi ya mjini

11. Ni wapi katikati ya jiji panapomfaa mtoto anayejifunza kutembea?

Bustani ya Nyerere Square ina sakafu tambarare, miti na sanamu ya Mwalimu ambayo watoto huizunguka bila kuchoka. Asubuhi na mapema huwa tulivu, na jioni hujaa watu na wapiga picha. Bustani ya Chinangali ina nafasi zaidi na vifaa vya michezo. Shika chuma cha bembea na cha ubao wa kuteleza kwanza kwa kiganja chako mwenyewe, kwa sababu kufikia saa nne huwa kimepata moto wa kuunguza paja la mtoto.

Usiharakishe. Mtoto akisimama dakika tano akiwatazama sungusungu wakibeba makombo, hayo ndiyo matembezi yake ya siku hiyo.

12. Kumpeleka sokoni ni elimu au ni usumbufu?

Ni vyote viwili. Soko la Majengo lina rangi, harufu na hesabu nyingi kuliko darasa lolote: mafungu ya nyanya, debe la mtama, dagaa, viazi vitamu na maboga. Nenda mapema kabla ya msongamano, ukiwa na kitu kimoja tu cha kununua, na mtoto akiwa mgongoni mpaka mfike kwa muuzaji mnayemfahamu. Hapo mteremshe, amwamkie, achague nyanya tatu na kukabidhi fedha mwenyewe. Manunuzi ya wiki yafanywe siku nyingine bila yeye.

13. Treni ya SGR inamfaa mtoto wa miaka miwili?

Inamfaa kuliko basi. Safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilizinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, na kwa familia ya Dodoma safari ya kujifunza inayofaa ni ya kwenda Morogoro na kurudi, kwa kuwa ni fupi na ina mengi dirishani: tambarare kame zenye mibuyu na migunga, kisha milima ya Kilosa na mahandaki, kisha ukijani. Mwambie mapema kwamba kutakuwa na giza la ghafla. Hesabuni pamoja hadi mwanga urudi, na masikio yake yakiziba mpe maji anywe. Fika stesheni mapema kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo, na uliza utaratibu wa tiketi ya mtoto siku ya kukata yako.

Asiye na nauli anaweza kumpeleka kutazama treni ikipita, mkiwa mahali palipo mbali na njia ya reli na nje ya uzio. Sauti yake peke yake italeta mazungumzo ya siku tatu.

14. Maonesho ya Nanenane Nzuguni yana watu wengi. Je, tuende?

Nendeni, ila msiende kilele chenyewe cha tarehe 8 Agosti. Chagueni siku ya mwanzoni mwa wiki hiyo, asubuhi, na mwelekee moja kwa moja kwenye mabanda ya mifugo na vipando vya mazao. Hapo mtoto ataona sungura, bata mzinga, ng'ombe wa maziwa na mizinga ya nyuki, ambayo kwa kawaida ingehitaji safari nne tofauti. Mwandikie namba yako ya simu kwenye karatasi na kuibana ndani ya nguo, wala usiandike jina lake mahali panapoonekana, kwa kuwa mtu asiyemjua anaweza kulitumia kumwita. Baada ya kuwagusa wanyama mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote.

## Nje ya mji

15. Tunaweza kumpeleka kwenye shamba la zabibu?

Ndiyo, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na maeneo kama Mpunguzi na Hombolo yana mashamba mengi ya wakulima wadogo. Kimo cha mzabibu kinamfaa mtoto: vichala huning'inia mbele ya uso wake, na anaweza kulinganisha mbichi na mbivu, nyekundu na nyeupe. Uliza kwanza ni lini mizabibu ilipuliziwa dawa, na msile kitu kisichooshwa.

Jambo ambalo watu wa Dodoma tunalipuuza, kwa kuwa tumelizoea tunda hili, ni kwamba zabibu nzima ni miongoni mwa vyakula hatari zaidi kwa kumkaba mtoto mdogo. Ni ya mviringo, ina utelezi, na ukubwa wake unalingana na njia yake ya hewa. Mpaka afikishe miaka mitano, kila zabibu ikatwe kwa urefu mara mbili ili itoe vipande vinne, na aile akiwa ameketi. Asile akikimbia shambani, wala garini mnapotikiswa na barabara.

16. Michoro ya mapangoni ya Kolo inamfaa mtoto wa umri huu?

Kwa maoni yangu, subirini. Michoro ya miambani ya Kondoa, ikiwamo hiyo ya Kolo, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, iko kiasi cha kilomita 180 kaskazini mwa Dodoma, na baada ya safari hiyo kuna kupanda mlima kwenye mawe. Mtoto wa miaka miwili atakayebebwa juu ataona ukuta wenye mistari myekundu na kuomba maji. Akifikisha miaka mitano au sita, atakapoweza kutafuta mwenyewe umbo la twiga na la mtu, safari itakuwa na maana.

Kwa sasa mpelekeni kwenye mawe ya karibu, ambayo Dodoma haina upungufu nayo, mkiwa na kipande cha mkaa au udongo mwekundu, achore kwenye jiwe la uani kwenu. Miamba yenye michoro ya kale haichorwi wala haiguswi.

17. Mtera, Hombolo na Ziwa Singidani: je, anaweza kuchezea maji?

Mabwawa ya Mtera na Hombolo ni ya kutazama kwa mbali tu. Mtera kuna viboko na mamba, na maji baridi yaliyotulia popote katika kanda hii yanaweza kuwa na konokono wanaoeneza kichocho, ugonjwa unaoingia kupitia ngozi hata kwa kuloweka miguu. Tazameni mitumbwi, nunueni samaki, rudini. Ziwa Singidani, lililo pembeni mwa mji wa Singida, lina maji ya chumvi na ndege wengi, wakiwamo heroe katika baadhi ya misimu, na mawe makubwa yaliyolizunguka yanatoa mahali pazuri pa kuketi. Hapo pia mtoto ashikwe mkono.

Makorongo yenye mchanga safi huvutia wakati wa kiangazi, na mchanga wake ni mzuri kwa kuchimba. Epukeni mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga kwa kuwa kingo zake huporomoka. Kuanzia mvua za Desemba hadi zinapokoma, msishuke korongoni hata kama mbingu ya kwenu ni nyeupe, maana maji hushuka kwa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali.

## Afya na usalama

18. Nibebe nini kwenye mkoba?

Maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani yatahitajika, kitambaa na maji ya kunawia, kofia, nguo ya kubadili, kanga moja ya kubebea na kufunikia, kipande cha ndizi au kiazi kilichochemshwa, na paketi ya ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) kwa safari za mbali. Asali ya Manyoni au Singida mtakayonunua njiani asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, hata kwa kulambishwa kidoleni, kwa sababu inaweza kumletea sumu ya botulizimu.

Kunawa uso si jambo la urembo. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, imekuwa ikisumbua maeneo makavu ya mkoa huu kwa muda mrefu, na husambazwa na mikono, vitambaa vya kuchangia na nzi wanaotua kwenye uso wenye tongotongo. Kila mtoto awe na kitambaa chake.

19. Ni mimea na wadudu gani wa kuwa nao macho?

Minyaa inayotumika kama uzio ndiyo ya kwanza. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi na unaweza kudhuru macho vibaya. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua robo saa na mwende kituo cha afya bila kuchelewa. Mtoto asigeuze mawe kwa mkono, kwa kuwa nge hukaa chini yake. Mkubwa ayageuze kwa kijiti.

## Hali za pekee

20. Mtoto wangu hulia akiona watu wengi au wanyama. Nimlazimishe azoee?

Usimlazimishe. Mkae mbali kiasi ambacho halii, mtazame pamoja, msogee hatua chache siku nyingine. Wanaomcheka au kumsukumia mbuzi "ili awe jasiri" humrudisha nyuma.

21. Mwanangu hajatembea, au hajasema, ilhali wenzake wanafanya hivyo. Shughuli hizi zitamsaidia?

Zitamsaidia, na zote zinaweza kufanywa akiwa amebebwa au ameketi mkekani. Hata hivyo, mtoto ambaye hajatembea peke yake akiwa na miezi 18, ambaye haunganishi maneno mawili akiwa na miaka miwili, haitiki sauti, au amepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe kliniki pamoja na kadi yake. Usisubiri kwa sababu tu shangazi alisema baba yake naye alichelewa.

22. Siku ambayo haiwezekani kutoka, nimwashie katuni?

Mwongozo uliotajwa katika swali la 2 haupendekezi kioo chochote kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili unaweka ukomo wa saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Rudini kwenye swali la 5 na la 10, au jengeni pango kwa viti viwili na shuka.

23. Nina wa miaka miwili na wa miaka saba. Nitawaridhishaje wote kwa safari moja?

Mpe mkubwa kazi yenye cheo: awe mshika orodha, mhesabu mabehewa, au msimulizi anayemweleza mdogo kila kinachoonekana. Mdogo humsikiliza kaka au dada yake kuliko anavyotusikiliza sisi, na mkubwa hujifunza kueleza. Lakini mwachie pia sehemu yake isiyo na mdogo mgongoni. Mzazi mmoja abaki kivulini na mdogo aliyelala, mwingine apande na mkubwa mwamba mmoja tu, kisha mwende nyumbani.